UZI: Mafuta yanavyopikwa ndani ya mwamba. Kabla hujaiamini modeli yako, uliza joto limetoka wapi

Mpishi_wa_Mwamba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi kijana mmoja kaniletea grafu ya modeli yake. Imependeza kweli, mstari unapanda kwa madaha, rangi zimepangika, na pembeni kaandika: "Asilimia 85 ya kerojeni imeshageuka mafuta." Nikamuuliza swali moja tu: hili joto umelitoa wapi? Kimya. Nikaona hapa pana uzi.

Tuanze chini kabisa ili tusiachane njiani. Mwani, bakteria, chavua na majani vikizikwa kwenye tope lisilo na oksijeni, haviozi vikaisha. Vinaungana na kuwa kitu kigumu kiitwacho kerojeni, ambacho ukikiloweka kwenye vimumunyisho vya kawaida vya maabara hakiyeyuki. Mwamba wenye kerojeni ya kutosha ndio tunaouita mwamba mama. Mashapo yakizidi kurundikana juu yake, mwamba unazama, unapata joto, vifungo vya kemikali vinakatika, na vipande vinavyotoka ndiyo mafuta na gesi.

Kerojeni hazilingani. Ya mwani wa ziwani, kama ile ya Green River kule Marekani, ina haidrojeni nyingi na hutoa mafuta kwa wingi. Ya planktoni wa baharini, kama tope la Kimmeridge lililolisha visima vya Bahari ya Kaskazini, inafuata kwa karibu. Ya miti na majani ya nchi kavu ina haidrojeni kidogo, kwa hiyo hutoa gesi zaidi. Ndiyo maana Mholanzi van Krevelen alipochora uwiano wa haidrojeni kwa kaboni dhidi ya oksijeni kwa kaboni, akiwa anashughulika na makaa ya mawe, watu wa mafuta wakauchukua mchoro wake na hawajaurudisha hadi leo.

Sasa modeli. Moyo wake ni mstari mmoja, mlinganyo wa Arrhenius:

k = A × e^(−E/RT)

k ni kasi ya kerojeni kugeuka. E ni kilima ambacho kifungo lazima kikipande ndipo kikatike. A ni mara ngapi kinajaribu kukipanda kwa sekunde. T ni joto, na R ni namba isiyobadilika ya gesi, 8.314. Nawapa namba za kuchezea: E iwe kilojuli 218 kwa moli, A iwe 10^14 kwa sekunde. Piga hesabu uone nusu ya kerojeni inachukua muda gani kugeuka ikiwekwa kwenye joto lisilobadilika:

Kwa nyuzi 100 za selsiasi, kama miaka milioni 700.
Kwa nyuzi 120, kama miaka milioni 20.
Kwa nyuzi 140, kama miaka laki 8.

Rudia kusoma hizo namba tatu taratibu. Nyuzi 40 tu zimetutoa kwenye "haitatokea" hadi kwenye "imeshatokea". Muda una nguvu, lakini joto liko kwenye kipeo, na kilicho kwenye kipeo hakina huruma. Ukikosea muda mara mbili, jibu linasogea kidogo. Ukikosea joto kwa nyuzi 20, umesimulia bonde lingine kabisa (bonde kwetu ni eneo lililozama likajaa mashapo).

Naendelea chini, nipeni nafasi.

NjiwaPori

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu, swali la haraka kabla hujaendelea: hivi si tuliambiwa mafuta ni mabaki ya dinosaria?

Mpishi_wa_Mwamba

Hapana. Kwa wingi wake ni vitu vidogo vidogo, mwani na jamaa zake. Miaka ya 1930 Mjerumani Alfred Treibs alikuta ndani ya mafuta molekuli za pofirini zenye umbo la kufanana na klorofili, ile rangi ya kijani ya mimea. Hilo lilifunga mjadala kwa wengi. Dinosaria tuwaachie watoto.

Babu_Tabaka

Wajukuu, mimi ni wa zamani kidogo. Sisi tulifundishwa kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka, kasi inakuwa mara mbili. Tulikuwa tunajumlisha kwa penseli, muda mara kipeo cha mbili, tunapata namba moja ya ukomavu, kazi imeisha. Hiyo imekufa?

Mpishi_wa_Mwamba

Babu, shikamoo. Hiyo ni kanuni ya Lopatin, Mrusi, ya mwaka 1971, na Douglas Waples ndiye aliyeieneza sana mwaka 1980. Ilifanya kazi kubwa sana kwa sababu ndiyo iliyowalazimisha wanajiolojia kuacha kutazama kina peke yake na kuanza kuhesabu joto pamoja na muda.

Tatizo liko hapa. Chukua namba nilizoweka juu, upande kutoka nyuzi 120 hadi 130. Kasi haiwi mara mbili, inakuwa zaidi ya mara tano. Ili upate mara mbili kwenye joto hilo, E lazima ishuke hadi kama kilojuli 80 au 90, na kwa kilima kifupi hivyo kerojeni ingekuwa imeshaisha huko juu kabisa kabla haijazama. Kwa hiyo kanuni ya zamani inaupa muda uzito kuliko unavyostahili na kulipunguzia joto. Kwenye bonde linalozama polepole bila vituko, makosa hayo yanafichika kwa sababu kanuni ilishapimwa na visima halisi. Kwenye bonde lililopashwa moto haraka, yanajitokeza.

Babu_Tabaka

Marahaba. Penseli naiweka kando basi.

KakaLaha

Mkuu, mimi si mjiolojia, ni mtu wa Excel tu. Hii ninaweza kuijenga mwenyewe? Nataka kuona ule mstari ukipanda kwa mkono wangu.

Mpishi_wa_Mwamba

Unaweza kabisa. Safu ya kwanza muda, hatua za miaka laki moja. Safu ya pili joto kwa kila hatua, tuseme linapanda nyuzi 3 kila miaka milioni moja: hiyo ni sawa na kuzama mita 100 kwa kila miaka milioni pale ambapo joto huongezeka nyuzi 30 kwa kilomita. Safu ya tatu k. Safu ya nne kerojeni iliyobaki: iliyobaki ya jana mara e^(−k × muda wa hatua). Usisahau k iko kwa sekunde, na miaka milioni moja ni kama sekunde 3.16 × 10^13. Jaribu halafu urudi.

Mpishi_wa_Mwamba

Haya, narudi kwenye joto, ndiko moyo wangu uliko.

Programu yoyote ya bonde inaanza kwa kurudisha tabaka nyuma. Unalivua bonde nguo moja moja kutoka juu, na kila tabaka unalivua huku unalifumua, kwa sababu tope lililo chini leo limebanwa. Siku lilipotua lilikuwa limejaa maji. Athy mwaka 1930 alionyesha kuwa uwazi ndani ya mwamba tope hupungua kwa mfumo wa kipeo kadiri unavyozama. Bila kulifumua, unakosea unene wa zamani, na ukikosea unene umekosea kina, na kina ndicho kinacholeta joto.

Halafu unaweka mtiririko wa joto kutoka chini na uwezo wa kila mwamba kupitisha joto. Hapa watu wengi huweka nyuzi 30 kwa kilomita toka juu hadi chini na kwenda kunywa chai. Chumvi hupitisha joto mara mbili hadi tatu kuliko mwamba tope. Mlima wa chumvi uliozama ni kama bomba la moshi: unanyonya joto kutoka chini na kulimwaga juu. Mwamba mama ulio chini ya chumvi hubaki wa baridi kuliko jirani zake walio kina kile kile. Ukiweka mstari mmoja ulionyooka, huo utauivisha kwenye kompyuta wakati ardhini bado mbichi.

Na juu je? Joto la juu kabisa kwenye bonde la bahari si la hewa, ni la sakafu ya bahari. Kwenye kina kirefu ni nyuzi chache tu juu ya sifuri. Nimeona modeli ya bahari kuu imewekewa nyuzi 25 juu. Hapo umeongeza nyuzi 20 bure kwenye kila tabaka, na umeshaona nyuzi 20 zinafanya nini.

Tena mtiririko haukai palepale. McKenzie mwaka 1978 alieleza kwamba gamba la dunia likivutwa likawa jembamba, vazi, yaani mwamba wa moto ulio chini ya gamba, huja juu, mtiririko wa joto hupanda, kisha hupoa polepole kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Ukichukua mtiririko wa leo ukaurudisha hadi mwanzo wa bonde, umefuta homa yote iliyopita. Wakati mwingine haidhuru, kwa sababu homa ilipokuwa kali mwamba mama ulikuwa bado juu. Wakati mwingine inadhuru sana.

BintiMashapo

Kaka Mpishi, nimekuacha uongee, sasa na mimi nipokee. Unaipa kemia kisogo. Mimi nakaa na mashine ya Rock-Eval, ile iliyoletwa na Espitalié na wenzake miaka ya 1970: unachoma unga wa mwamba, unapima kinachotoka. Joto letu hupanda nyuzi 25 kwa dakika. Ardhi yako inapanda nyuzi 3 kwa miaka milioni. Kutoka hapa hadi pale ni tofauti ya zaidi ya tarakimu kumi na mbili, na wewe unavuka kama unavuka mtaro.

Nakupa mfano kwa namba zako. E 218 na A 10^14 zinatoa kilele kwenye mashine, yaani joto ambalo kinachotoka huwa kingi zaidi, karibu na nyuzi 450. Sasa weka E 226 na A 3.8 × 10^14. Kilele ni pale pale, hutaona tofauti kwenye karatasi ya maabara. Zipeleke ardhini: zinaachana kwa kama nyuzi 6, ambazo ni mita 200 za kina. Na mtu akibadilisha E hiyo akasahau kubadilisha A, zinaachana nyuzi 15, yaani nusu kilomita. Ndiyo maana tunachoma sampuli ile ile kwa kasi tatu au nne tofauti. Kasi moja haiwezi kutenganisha E na A, vinafidiana.

Halafu kuna kerojeni yenye salfa nyingi, kama ya tabaka la Monterey kule California. Vifungo vya salfa ni dhaifu, hukatika mapema. Ukiuwekea mwamba wa namna hiyo namba za kitabuni za kerojeni ya kawaida ya bahari, utasema bado mbichi na kumbe umeshaanza kutoa mafuta.

Mpishi_wa_Mwamba

Dada, la salfa nakupa bila ubishi. Hapo namba za kuazima ni hatari na mimi nimewahi kuziazima.

La jozi ya E na A nakubali pia, ila angalia ukubwa. Nyuzi 6. Joto linalopimwa kisimani lenyewe huwa limepozwa na matope ya kuchimbia. Usipolisahihisha unaweza kuwa chini kwa nyuzi 10, hata 20. Sisemi kemia haina uzito. Nasema kemia yako imepimwa kwa uangalifu hadi nyuzi 6, halafu inamwagwa kwenye historia ya joto ambayo mtu kaikisia saa kumi jioni.

BintiMashapo

Hapo umeniweza. Lakini sahihisha na wewe: usiseme "kerojeni" kana kwamba ina E moja.

Mpishi_wa_Mwamba

Kweli. Wakuu, E moja ni ya kufundishia. Kerojeni halisi ina vifungo vya kila aina, kwa hiyo tunaipa msururu wa E, kila moja na fungu lake. Wazo hilohilo ndilo lililotumika kwa vitriniti. Vitriniti ni kipande cha mti kilichogeuka, na kadiri kilivyopata joto ndivyo kinavyoakisi mwanga zaidi chini ya darubini. Mwaka 1990 Sweeney na Burnham waliandika modeli yake kwa menyuko 20 sambamba, nishati kuanzia kilokalori 34 hadi 72, A moja kwa zote. Inaingia kwenye ukurasa mmoja wa Excel. Kwa kawaida mafuta huanza kutoka uakisi ukiwa karibu asilimia 0.6 na kukoma karibu 1.3.

Uzuri wa vitriniti ni kwamba hairudi nyuma. Mwamba ukipoa, yenyewe inabaki na alama ya joto kubwa kuliko yote iliyowahi kuonja. Na hapo nina kisa changu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa kisima kimoja. Joto la leo kwenye mwamba mama, nyuzi 95. Nikajenga modeli, ikalingana na joto la leo vizuri mno, ikasema mwamba haujaiva. Nikafurahi. Zikaja sampuli za vitriniti: 0.9. Nikasema maabara wamechanganya mifuko. Tukarudia: 0.9. Nikasema labda ni vipande vya zamani vilivyosombwa na mto vikaja vimeshaiva. Hilo hutokea kweli, lakini wakati ule nilikuwa natafuta pa kujificha.

Mzee mmoja pale ofisini akachukua rula. Akaweka nukta zote za uakisi kwenye karatasi, akavuta mstari kwenda juu. Tope jipya lisiloonja joto huwa na uakisi wa kama 0.2. Mstari wetu haukufika 0.2 kwenye uso wa ardhi. Ulifika huko mita 1,500 hewani, juu ya vichwa vyetu. Akaniuliza: "Hizi mita zilikwenda wapi?" Nikarudi kwenye kumbukumbu za kasi ya sauti kisimani. Mwamba tope wa mita 400 ulikuwa umebanwa kama wa karibu mita 2,000. Mashapo ya kilomita moja na nusu yalizikwa, yakapika, kisha ardhi ikainuka na mmomonyoko ukayala. Kwenye ripoti ya kisima yote hayo yalikuwa mstari mmoja wa mawimbi, alama ya mmomonyoko, kati ya tabaka mbili, na mimi niliuruka.

NjiwaPori

Aisee. Kwa hiyo kosa lilikuwa kwenye kitu ambacho hakipo tena?

Mpishi_wa_Mwamba

Ndiyo hivyo. Na kinyume chake kipo: mwamba tajiri ambao haukuwahi kupikwa. Sehemu kubwa ya Green River haikuzama vya kutosha, kwa hiyo kerojeni ipo nyingi ajabu lakini bado ni kerojeni. Kule bonde la Uinta ambako tabaka hizo zilizama zaidi, mafuta yametoka. Mwamba uleule, historia mbili.

NjiwaPori

Na mwamba ukiiva vizuri unatoa kiasi gani hasa?

Mpishi_wa_Mwamba

Piga kwa mkono. Mita moja ya ujazo ya mwamba ni kama tani 2.4. Kaboni ya viumbe iwe asilimia 4, hiyo ni kilo 96. Fahirisi ya haidrojeni iwe 600, yaani miligramu 600 za mafuta na gesi kwa kila gramu ya kaboni: kilo 57 na ushei. Unene mita 100, eneo kilomita moja ya mraba, unapata karibu tani milioni 5.8 ikigeuka yote. Ila usichukue kalamu kusaini mkataba. Kiasi fulani hakitoki kabisa ndani ya mwamba mama, kingine kinapotea njiani, na kikizidi kupikwa mafuta yenyewe yanakatika kuwa gesi.

KakaLaha

Wakuu nimerudi na aibu. Laha yangu haitoi hata tone. Nimefika nyuzi 200 na kerojeni imebaki 100% kavu kabisa. Nimekagua fomula mara tatu.

BintiMashapo

Umeweka selsiasi. Ongeza 273 kwenye T.

KakaLaha

😂😂 Nimeongeza. Imekubali! Asilimia 10 kwenye nyuzi 122, nusu kwenye 134, asilimia 90 kwenye 141. Mbona inaisha haraka hivyo?

Mpishi_wa_Mwamba

Kwa sababu ya ile E moja aliyonikemea dada. Gawa kerojeni kwenye mafungu, E kutoka 205 hadi 235, utaona mstari unalala na kutanuka. Sasa ongeza kisa changu: ikifika 134 iinue mita 1,500, ipoe kwa kasi ileile ya nyuzi 3.

KakaLaha

Nimefanya kwa E moja kwanza. Kuna kitu sielewi. Nilidhani ikianza kupoa jiko limezimwa. Lakini iliyogeuka imetoka asilimia 50 ikapanda hadi 75 wakati inapoa, ndipo mstari ukalala kimya.

Mpishi_wa_Mwamba

Hujakosea. Njia ya kushuka inapita kwenye nyuzi zilezile za njia ya kupanda, kwa muda uleule. Kilichokula nusu wakati wa kupanda kinakula nusu ya iliyobaki wakati wa kurudi. Ikiinuka haraka zaidi, utapata chini ya 75.

BintiMashapo

Sasa muulize swali la mtego. Kama mkunjo wa tabaka unaotega na kushikia mafuta umeumbwa na kuinuka kulekule?

Mpishi_wa_Mwamba

Basi ile 50 ya kwanza ilipita kabla mkunjo haujawepo. Unagombea hiyo 25, na hata hiyo si yote, kwa sababu mkunjo nao haukuumbika siku moja.

KakaLaha

Dah. Na mimi nilikuwa najumlisha yote 75. Naongeza safu ya mtego, nitarudi usiku.